Kitoto cha kasa hakina wakili

Kwa mhariri aliyeketi Nairobi, Lamu hutoa habari za aina tatu: damu, bandari na punda. Damu ni ile ya mashambulizi ya Mpeketoni, Juni 2014, na ya kambi ya kijeshi ya Manda Bay, Januari 2020. Bandari ni gati la kwanza lililofunguliwa Mei 2021, pamoja na kesi zote zilizolitangulia. Punda hawahitaji maelezo. Mgeni huwapiga picha kabla hajatua begi lake jetini. Ikipatikana habari ya nne, basi itakuwa ya mtoto wa mnyama, na mara nyingi ni kitoto cha kasa kikijiburura mchangani kuelekea maji, kule Shela, Manda au Kiwayu.

Hiyo ya nne haikataliwi. Habari ya bandari inaweza kulala mezani wiki mbili ikingoja kauli ya mamlaka ya bandari, ya mamlaka ya mazingira (NEMA), ya serikali ya kaunti na ya mawakili wa wavuvi, kisha wakili wa gazeti lenyewe naye aipitie kwa kalamu nyekundu. Ya vitoto vya kasa hufika jioni ikatoka asubuhi. Haina upande wa pili wa kutafutwa. Kitoto cha kasa hakina wakili wala chama wala kabila, na hakitapiga simu kesho kulalamika kwamba kimenukuliwa vibaya. Picha huja bure, kwa kuwa watu wa uhifadhi nao wanataka ionekane. Kwa runinga ndiyo tamu zaidi. Taarifa ya saa moja jioni ikishawachosha watazamaji kwa ajali, ushuru na matusi ya wanasiasa, mtangazaji hutafuta kitu kifupi cha kufungia, atabasamu, aage.

Hizo ni sababu za kazi, na zinaeleza nusu ya mambo. Nusu nyingine tumezaliwa nayo. Mwaka 1943 mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, Konrad Lorenz, aliorodhesha sifa zinazomfanya binadamu alegee mbele ya kiumbe kichanga: kichwa kikubwa kikilinganishwa na mwili, paji la uso lililotokeza, macho makubwa yaliyokaa chini usoni, mashavu ya mviringo, miguu mifupi na mwendo wa kuyumbayumba. Hoja yake ilikuwa kwamba sifa hizo zipo ili tusiwatupe watoto wetu, ambao bila sisi hawaishi, lakini mlango ukishafunguliwa hauchagui anayepita. Hupita mtoto wa ndovu, hupita kinyaunyau cha paka, hata mwanasesere hupita. Mwaka 2008 watafiti waliopima ubongo wa watu wazima walipokuwa wakionyeshwa nyuso za watoto wachanga waliona sehemu ya mbele ya ubongo ikiitika katika takribani sehemu ya saba ya sekunde. Kwa kasi hiyo msomaji huwa ameshaguswa kabla hajajua anachokitazama, sembuse kujiuliza kina maana gani.

Mhariri hajasoma Lorenz, lakini anajua. Weka picha ya kitoto cha kasa kando ya picha ya waziri na uangalie jicho la mnunuzi wa gazeti linaanguka wapi.

Kwa hiyo silaumu mapenzi hayo. Nayashuku kwa sababu moja tu, na sababu hiyo nitaifikia kwa kupitia ufukweni.

Kasa jike hupanda pwani usiku, maji yakiwa yamejaa. Huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, hutaga mayai mia moja na zaidi, hufukia, huburuga mchanga juu yake ili kuficha pale alipotagia, kisha hurudi baharini. Wanawe hatawaona. Baada ya miezi miwili hivi mayai huanguliwa, na vitoto hungoja chini ya mchanga mpaka joto la mchana lishuke ndipo vitoke kwa pamoja, gizani. Hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa maelfu ya miaka umekuwa bahari. Siku hizi unaweza kuwa taa ya hoteli, au tochi ya mpigapicha.

Hapa pana jambo ambalo gazeti halimwambii msomaji wake. Picha zile nzuri za mchana, zenye jua laini na vitoto vimejipanga kama vimeambiwa, mara nyingi ni za waliobaki nyuma. Wengi wao wamekwisha kutoka usiku bila shahidi. Siku chache baadaye walinzi wa viota hukifukua kilichobaki ili wahesabu: maganda matupu huku, mayai yaliyooza kule, na katikati vile vitoto vichache vilivyokwama kwenye mizizi au chini ya wenzao waliokufa. Wageni hualikwa siku hiyo, na kamera huja siku hiyo. Kitoto kinawekwa mchangani, si majini, maana inaaminika kwamba safari ile ya kutambaa inakisaidia kuijua pwani yake. Ukipiga goti unaona kila kitu: chembe za mchanga zimeganda kwenye kope, kijino cheupe cha kupasulia ganda bado kiko kwenye ncha ya mdomo, kovu la kiini cha yai halijafunga tumboni. Alama ya unyayo wako ni bonde kwake. Huingia, huhangaika, hutoka upande wa pili, hupumzika, huendelea. Kaa wanachungulia kutoka mashimoni mwao. Kisha wimbi moja jembamba linafika, na kitoto ambacho kilikuwa kikitambaa kama kilema kinageuka kuwa muogeleaji.

Ni kitu cha kutazama, sikatai. Aliyeona mara moja anaelewa kwa nini watoto wa shule hupelekwa, na kwa nini mtalii aliyekuja kwa ajili ya milango ya nakshi hurudi kwao akisimulia kasa.

Lakini habari imekwisha pale kwenye wimbi, na pale ndipo kila kitu kinaanza. Inakadiriwa kwamba katika vitoto elfu moja, mmoja tu ndiye atakayefikia utu uzima. Mchanga ukizidi takribani nyuzi 29 za joto, vingi vitakuwa majike. Kadiri dunia inavyopata joto, huenda fuo nyingi zikatoa karibu majike matupu. Na yule mama aliyepanda usiku ule, akarudi majini bila kuonekana, ana miongo ya kukwepa majarife, mishipi na visu. Nyama yake bado inaliwa visiwani humu japo sheria inakataza, na mafuta yake wapo wanaoyasifu kama dawa. Yeye hapigwi picha. Anapopigwa, huwa amelala chali.

Nilipoanza kuliangalia hilo niligundua kwamba halihusu kasa peke yao. Chukua kila habari kubwa ya mtoto wa mnyama iliyotoka upande huu wa Afrika, uliza swali moja, mama yuko wapi, na utaikuta habari ya pili, ambayo haikuandikwa au iliandikwa kwa sentensi moja.

Tuanze na ya Malindi, maana hiyo ndiyo iliyoushinda ulimwengu. Mto Sabaki ulifurika mwishoni mwa 2004, ukawasomba viboko mpaka baharini. Desemba 26 tsunami ikafika, na maji yalipotulia alionekana kiboko mmoja tu, mtoto wa mwaka mmoja hivi, amekwama miambani. Wavuvi na wakazi walishinda wakivuta nyavu na kamba, nyavu zikakatika, wakaleta nyingine. Mwishowe Mfaransa mmoja aliyekuwa akijitolea, aitwaye Owen, alimrukia na kumdhibiti, na kiboko akapewa jina lake. Alipelekwa Haller Park, Bamburi, kwenye machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji, ambako alimkimbilia kobe wa Aldabra aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130, akajificha nyuma yake. Wakawa hawaachani. Mwandishi Peter Greste, ambaye miaka kadhaa baadaye angefungwa Misri kwa kazi yake ya habari, aliwapiga picha. Paula Kahumbu, aliyekuwa akisimamia hifadhi ile, alishirikiana na Isabella Hatkoff na baba yake kuandika kitabu, na mwaka 2006 kikaenea duniani kote.

Ile habari ilikuwa na kila kitu. Yatima, mzee mpole, maafa makubwa yaliyowapita kando. Dunia ilikuwa ikihesabu maiti zaidi ya 200,000 kutoka Aceh hadi Sri Lanka, na msomaji alihitaji mtu mmoja wa kuokolewa ili aweze kufungua gazeti kesho yake. Hilo nalielewa kabisa na sina la kulipinga.

Ila tazama ramani. Panda kutoka Malindi, pita Lamu, pita Kiunga, vuka mpaka, endelea kaskazini na mwambao uleule wa Bahari ya Hindi mpaka Hafun. Tsunami ileile iliua karibu watu 300 Somalia, wengi wao huko Hafun na vijiji vya jirani, na kuvunja madau ya wavuvi na visima vyao. Kenya alikufa mtu mmoja. Ni wasomaji wangapi wa Mombasa au wa New York wanaojua jina Hafun? Na ni wangapi wanaomjua Owen? Hata wavuvi wa Malindi waliochubuka viganja kwa kamba hawakubaki na majina katika kumbukumbu ya wasomaji. Jina lililobaki ni la yule aliyeruka mwisho. Nao viboko wengine wa kundi lile, akiwemo mama, waliishia kwenye nusu sentensi. Owen alipokua na kuwa kiboko kamili alihamishiwa kwa kiboko jike aitwaye Cleo, na magazeti yakamsahau polepole. Kiboko mzima mwenye afya na mchumba si habari.

Kabla ya Owen alikuwepo Elsa. Februari 1956, huko kaskazini mwa Kenya, askari wa wanyamapori George Adamson alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kisha akagundua kwamba alikuwa akilinda watoto watatu. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam. Yule mdogo alibaki na George na mkewe Joy. Wapenzi wa kitabu cha Joy, “Born Free”, kilichotoka 1960, wanajua kwamba wenzi hao walimchukua Elsa mpaka baharini, kwenye kijiji cha wavuvi karibu na mpaka wa Somalia, pande za Kiunga, ambako leo ni kaunti ya Lamu. Simba mwenye umri wa ujana akacheza kwenye mawimbi ya fukwe zilezile wanakotaga kasa. Elsa alikufa Januari 1961 akaacha watoto watatu, na hao nao wakawa kitabu, kisha filamu, “Living Free”, ya 1972. Kwa wanaopenda mizunguko ya dunia: mwongozaji wa filamu hiyo, Jack Couffer, ndiye aliyeandika baadaye kitabu kizima kuhusu paka wa Lamu, kilichochapishwa 1998. Paka hao bado wapo, wanangoja sokoni samaki wakitolewa magamba, na vinyaunyau vyao huingia kwenye simu za watalii kwa mamia.

Rudi kwenye ile sentensi ya mwanzo ya Elsa. Mama alipigwa risasi na mtu yuleyule aliyekuja kuwa shujaa wa hadithi. Adamson mwenyewe hakulificha jambo hilo, kitabu kinalisema wazi, na bado kizazi kizima kilisoma kile kitabu kama hadithi ya upendo. Ni ya upendo kweli. Lakini upendo ule usingepata nafasi mama angekuwa hai, maana mama simba akiwepo hakuna anayemfikia mwanawe kwa chupa ya maziwa.

Hapo ndipo penye shaka yangu. Mtoto wa mnyama hupatikana na kamera anapokuwa peke yake, na mara nyingi yuko peke yake kwa sababu kuna jambo lilitokea. Nenda Nairobi, kwenye kituo cha yatima wa ndovu cha Sheldrick, saa tano asubuhi. Wanakuja wakikimbia, masikio yamepepea, kila mmoja anaelekea chupa yake, na umati wote unasema “aah” kwa pamoja. Walezi wa pale, kwa haki yao, humweleza mgeni kila mmoja alipotoka: huyu mama aliuawa na majangili, huyu alitumbukia kisimani, huyu ukame ulimaliza kundi lake. Wao wanaisema habari yote. Inapofika gazetini, huwa imebaki chupa.

Sababu ni kwamba utoto ndio ukurasa pekee wa maisha ya mnyama ambao binadamu anatokea vizuri. Pale yeye ni mwokoaji: ana ndoo, ana blanketi, ana daktari wa mifugo. Ukisogea ukurasa mmoja nyuma, kwa mama, binadamu huyohuyo ana jarife au bunduki, au anachimba mkondo wa meli. Ukisogea mmoja mbele, kwa mnyama mzima, anagombana naye kwa shamba la mahindi. Tunaipenda habari ya kitoto kwa kuwa ndani yake sisi ni wema. Ndiyo maana haichoshi, na ndiyo maana matangazo ya biashara hayaoni haya kukaa kando yake.

Mara chache mama huingia kwenye picha, na hapo matokeo hushangaza. Jirani na Lamu, upande wa Ijara katika kaunti ya Garissa, ipo hifadhi ya jamii ya Ishaqbini Hirola. Agosti 2017 walinzi walirekodi video ya twiga jike mweupe na mtoto wake. Hawakuwa zeruzeru, ni hali inayoondoa rangi ya ngozi na kuyaacha macho yakiwa meusi. Video ilizunguka dunia kwa siku chache. Katika ile video, mama alisimama kati ya kamera na mtoto, akimficha nyuma ya vichaka. Machi 2020 hifadhi ilitangaza kwamba jike huyo ameuawa na majangili pamoja na mtoto wake mwingine wa miezi saba. Akabaki dume mmoja, aliyefungwa kifaa cha kumfuatilia kwa setilaiti Novemba mwaka huo. Kwa kuwa ulimwengu ulikuwa umeshamjua mama, kifo chake kilikuwa habari ya ulimwengu. Angekuwa amejulikana mtoto pekee, nina mashaka kama pangekuwa na vilio.

Na hapohapo Ishaqbini, hata jina la hifadhi linamtaja mnyama mwingine: swala aitwaye hirola. Hawafiki 500 duniani kote, na makao yao ni mbuga hizi za mpaka wa Kenya na Somalia. Hirola ana uso mrefu wa mzee wa baraza aliyeletewa kesi ya talaka, na chini ya kila jicho tezi nyeusi inayomfanya aonekane ana macho manne. Mtoto wake hana mashavu ya Lorenz. Twiga weupe watatu walipata ulimwengu, na jamii nzima ya wanyama inayotoweka ikapata aya ya mwisho.

Anayeumia zaidi na mapenzi haya ya kuchagua, kwa upande wa Lamu, ni nguva. Hapa ndipo ningependa kukaa kidogo.

Visiwa vya Lamu na mwambao wa Kiunga ni miongoni mwa sehemu za mwisho Kenya ambako nguva bado anaishi. Anakula nyasi za bahari, polepole, akiacha michirizi chini ya maji. Jike huchukua mimba mwaka mmoja na zaidi, huzaa mtoto mmoja, humnyonyesha hadi mwaka na nusu, na huenda asizae tena kwa miaka kadhaa. Kwa hesabu hiyo, kundi dogo likipoteza majike wawili watatu kwa majarife, pengo halizibiki kwa muda wa mvuvi kuoa na kuoza. Desemba 2022 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwaweka nguva wa Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, na makadirio yalikuwa kwamba wazima waliobaki katika pwani yote hii hawafiki 250. Umesoma wapi habari hiyo? Labda hukuisoma.

Tatizo la nguva wa Lamu si kukosa mtoto mzuri. Mtoto wa nguva ana karibu kila kitu alichokitaja Lorenz: kichwa cha mviringo, mashavu mazito, macho madogo lakini mwendo wa kubebwabebwa unaoyafidia. Ushahidi upo Thailand. Aprili 2019 mtoto wa nguva alipatikana peke yake katika pwani ya Krabi, akapewa jina Mariam, akahamishiwa kisiwa cha Libong ambako walezi waliingia naye majini kumlisha. Picha zake akiwakumbatia zilipendwa na mamilioni, na kamera ilikuwa ikimwonyesha mubashara kwenye intaneti. Agosti 17 mwaka huohuo alikufa. Alipopasuliwa, tumboni mlikutwa vipande vya plastiki. Nchi nzima ikaomboleza, na serikali ikalazimika kuzungumza kuhusu plastiki baharini.

Wa kwetu hajapata kamera. Maji ya Lamu yana tope la mikoko, nguva ni mwoga, na mtoto hamwachi mama. Mvuvi anayemkuta jike amekufa kwenye nyavu zake hana haja ya kumwita mwandishi. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina adhabu kali, na hata kama hakukusudia, nani atamwamini? Basi huzama na siri yake. Bila mtoto wa kupiga picha hakuna habari, na bila habari, nyasi za bahari anazozitegemea huingia kwenye ripoti za mazingira zenye kurasa mia tatu na kubaki humo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi zaidi ya elfu nne walipwe Sh1.76 bilioni kwa madhara ya ujenzi wa bandari, na sawa, walistahili. Wavuvi wana sauti, wana chama na walikuwa na wakili. Uchimbaji wa mkondo wa meli uleule ulipita karibu na malisho ya nguva, ambaye hakuwa na chochote katika hivyo.

Punda wa Lamu, kwa upande wao, wamebahatika. Kila punda ana mwenyewe, na mwenyewe ana mdomo. Machinjio ya punda yaliporuhusiwa Kenya kuanzia 2016 ili ngozi zisafirishwe China kutengenezea dawa ya ejiao, wenye punda nchini walipiga kelele kuhusu wizi na kuhusu wanyama wao kumalizika upesi kuliko wanavyozaliana, kwa kuwa punda hubeba mimba mwaka mzima. Serikali ilipiga marufuku 2020, mahakama ikaifuta marufuku 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha biashara ya ngozi hizo barani. Hakuna mtoto wa punda aliyehitajika kwenye ukurasa wa mbele. Walizungumziwa punda wazima, wanaobeba mawe na saruji vichochoroni, na wasomaji walielewa vizuri tu.

Kwa hiyo si kweli kwamba msomaji hawezi kubeba habari ya mnyama mzima. Anabeba akipewa mtu wa kumshika mkono. Kiunga penyewe pana mfano. Miaka ya mwisho ya 1990 ndara za plastiki zilizoletwa na mawimbi zilikuwa zimejaa ufukweni kiasi cha kuwazuia kasa kupanda na vitoto kushuka. Julie Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hifadhi ya bahari ya Kiunga, aliona watoto wa kijiji wakizichonga kuwa vinyago vya kuchezea, na kutoka hapo ikazaliwa biashara ya vinyago vya ndara vinavyouzwa duniani. Miaka ishirini baadaye, Septemba 2018, Lamu ikashusha majini dau la Flipflopi, lililojengwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa ndara takribani 30,000, chini ya fundi Ali Skanda. Mwanzo wa 2019 likatweka kwenda Zanzibar. Magazeti yaliandika sana, na safari hii yaliandika sababu, yaani takataka, badala ya kitoto kinachokwama juu yake.

Watu wa kasa wa Shela na Manda nao hawangojei magazeti. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wamekuwa wakimlipa mvuvi anayeripoti kiota badala ya kukila, na kumwongezea kwa mayai yanayoanguliwa. Wameelewa tangu mapema kwamba kitoto kinalindwa kwanza na mtu mzima mwenye njaa aliyepita pale usiku. Picha za vitoto huwaletea wafadhili, kwa hiyo huzipiga. Kazi yenyewe ni daftari: tarehe, saa, ufukwe, idadi ya mayai, jina la aliyeripoti.

Kasa huanza kutaga akiwa na miaka 25 hadi 35 hivi, na mara nyingi hurudi pwani ya kuzaliwa. Maana yake vile vitoto vya misimu ya kwanza ya mradi, vilivyofukuliwa, vikahesabiwa, vikasindikizwa hadi kwenye wimbi, kama kuna vilivyoponea ndivyo vinavyofikia umri wa kupanda mchangani sasa, vikiwa vimekuwa mama. Hiyo ni habari iliyochukua miaka thelathini kuiva, na mwaka huu au ujao inaweza kutokea usiku wowote kati ya Shela na Kiwayu. Mwandishi anayeitaka atahitaji idhini ya shirika la wanyamapori (KWS), tochi yenye kioo chekundu, chandarua cha mbu, na mhariri atakayemvumilia akirudi asubuhi ya tatu mfululizo bila picha.